Sauti Zimenyamaza, Watu Bado Hawasomeki

Kuna kipindi katika maisha ya mgonjwa wa skizofrenia, ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie sauti na kuamini mambo yasiyo ya kweli, ambacho hatukizungumzi sana, nacho ni kipindi cha utulivu. Vurugu zimepita. Sindano ya kila mwezi inachomwa kwa wakati, vidonge vinamezwa, mgonjwa analala usiku, haongei peke yake, hakimbii watu ambao hakuna mwingine anayewaona. Majirani wanasema amepona. Ndugu wanashusha pumzi. Halafu, miezi michache baadaye, yanaanza maswali mengine: kama amepona, mbona hadumu kazini? Mbona hana rafiki? Mbona kila anachoanzishiwa kinamfia mikononi?

Mdogo wangu yupo kwenye kipindi hicho. Ni fundi cherehani, tunaishi Temeke, Dar es Salaam, na ameniruhusu kuandika haya kwa masharti mawili: nisimtaje jina, na nisimwandike kama mtu wa kuonewa huruma. Ninachotaka kusema ni kwamba kinachomkwamisha leo si zile sauti alizokuwa akizisikia. Kinachomkwamisha ni kusoma watu. Na mji huu, kwa namna tunavyoongea na tunavyoishi, unamdai mtu asome watu tangu anapofungua mlango asubuhi.

Wataalamu wanaita uwezo huo utambuzi wa kijamii. Ndani yake kuna kutambua hisia za mtu usoni na kwenye sauti yake, kukisia anachofikiri au anachotaka, kujua desturi za mahali ulipo, na kuamua jambo fulani limesababishwa na nani au na nini. Wengi wetu tunayafanya haya bila kujua kwamba tunayafanya. Kwa watu wengi wenye skizofrenia, ingawa si wote na si kwa kiwango kimoja, uwezo huu umepungua. Mara nyingi dalili zake huonekana hata kabla ugonjwa haujalipuka kwa mara ya kwanza, na hubaki hata pale dalili nyingine zinapotulia.

Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu wapatao milioni 24 duniani walikuwa na ugonjwa huu, yaani mtu 1 kwa kila 300. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 Dar es Salaam. Ukiuleta uwiano huo wa dunia kwenye mji wetu, unapata watu karibu 18,000. Hiyo ni hesabu yangu ya kalamu na karatasi, si takwimu ya hospitali, lakini inatosha kuonyesha kwamba watu hawa tumepanga nao nyumba na tumebanana nao kwenye daladala. Wengi waliugua kati ya mwisho wa balehe na miaka ya ishirini na kitu, umri ambao mtu anajifunza kazi, anatafuta mchumba na anapata marafiki wa kudumu. Ugonjwa unaingia pale pale ambapo kusoma watu kunahitajika kuliko wakati wowote.

Mwaka 1996 mtafiti Michael Green wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, alipitia tafiti zilizokuwepo akitafuta kitu kinachoonyesha nani ataweza kumudu maisha ya kila siku na nani atashindwa. Watu wengi wangetegemea jibu liwe ukali wa sauti na imani zisizo za kweli. Haikuwa hivyo. Vilivyohusiana zaidi na maisha ya mgonjwa vilikuwa kumbukumbu, umakini na mambo mengine ya namna hiyo ya akili. Miaka 15 baadaye, mwaka 2011, Anne-Kathrin Fett na wenzake walichambua tafiti 52 zenye washiriki 2,692 na kusogea hatua moja mbele. Utambuzi wa kijamii ulieleza takriban asilimia 16 ya tofauti zilizopo kati ya wagonjwa katika kumudu maisha kwenye jamii, wakati kumbukumbu, umakini na kasi ya kufikiri vilieleza kama asilimia 6. Ndani ya utambuzi wa kijamii wenyewe, kilichoongoza ni ule uwezo wa kukisia kilichomo kichwani mwa mwenzako.

Najua asilimia 16 si kubwa. Hata ukijumlisha yote, karibu robo tatu ya tofauti hizo zilibaki bila maelezo, na mtu yeyote anayeishi uswahilini anaweza kutaja baadhi ya vilivyomo kwenye hizo robo tatu: umaskini, dawa kukosekana, watu kukucheka, kukosa nauli ya kwenda kliniki. Ila utafiti ule ulinipa jina la kitu nilichokuwa nakiona kila siku nyumbani. Mdogo wangu ana akili. Anakumbuka vipimo vya mteja wa Idi iliyopita bila kufungua daftari. Anakata suti bila kuharibu kitambaa. Alikuwa anapoteza kazi akiwa fundi mzuri, na sisi tulikuwa hatuna maelezo.

Kipimo kimoja kinachotumika sana kilitungwa Uingereza mwaka 1995 na Rhiannon Corcoran, Gavin Mercer na Chris Frith. Kina hadithi fupi 10. Katika mojawapo, mtu anafika ofisini kwa mwenzake baada ya safari ndefu kwenye joto kali. Mwenyeji anaanza moja kwa moja kumweleza mipango ya biashara. Mgeni anamkatiza, anasema tu kwamba safari ilikuwa ndefu na joto lilikuwa kali. Kisha unaulizwa: mgeni anataka nini? Ukijibu kwamba anataka kupumzika kidogo au kupewa kinywaji, unapata alama 2. Usipojua, unaongezewa dokezo lililo wazi zaidi, na ukipatia hapo unapewa alama 1. Wenye skizofrenia, kwa wastani, hupata alama chache kuliko watu wengine.

Niliposoma habari za kipimo hicho nikaiona Temeke nzima imo humo. Sisi hatuombi, tunadokeza. Mama akisema “naona ndoo zote tupu,” ametuma mtu maji. Mgeni akikaa sana, mwenyeji hamfukuzi, anainuka na kusema “haya, twende nikusindikize.” Ukimwomba mtu mkopo akajibu “tutaangalia,” jibu umeshapewa. Akikwambia kwenye simu “nipo njiani,” huenda bado anatafuta viatu. Mdogo wangu aliwahi kumsubiri mwenzake standi ya Tandika tangu mchana mpaka magharibi kwa sababu ya hiyo “nipo njiani.” Aliporudi nyumbani hakuwa na hasira hata kidogo. Alikuwa na hofu, kwa sababu alidhani jamaa amepata ajali.

Konda wa daladala mara nyingi hakudai nauli kwa maneno. Anasimama pembeni yako, anachezesha sarafu mkononi zinalia, na abiria wote wanaingiza mikono mfukoni. Mdogo wangu alikuwa anasikia sarafu zikilia, basi. Mpaka konda apandishe sauti, “Oya braza, nauli wewe,” na gari zima ligeuke kumtazama, wakati hela ameishika kiganjani tangu alipopanda.

Halafu kuna salamu. Mzee akipita usimwamkie, haulizi kwa nini. Anasema kwa nguvu, “Marahaba!” Kila mtoto wa Kiswahili anajua hapo amekaripiwa, anaomba radhi haraka na kuamkia. Mdogo wangu alimjibu mzee mmoja wa mtaani, kwa upole kabisa, “Lakini sijakuamkia, mzee.” Waliokuwa barazani walishika vichwa. Yule mzee mpaka leo anaamini alitukanwa na kijana mwenye kiburi, na sidhani kama kuna namna ya kumshawishi vinginevyo.

Fikiria kazi ambayo akili inatakiwa kuifanya kwenye hiyo “Marahaba” moja. Usikie neno. Ugundue kwamba halijakaa mahali pake. Ujiulize mzee huyu, kwa umri wake, kwa nini anasema hivi sasa hivi. Ujitazame wewe mwenyewe kwa macho yake: kijana aliyepita bila adabu. Uchague jibu, ulitoe, na sauti iwe ya unyenyekevu. Yote hayo kabla mzee hajapiga hatua ya pili. Katika skizofrenia, sehemu za ubongo zinazoshughulika na kazi hii, zilizo mbele katikati na pembeni nyuma ya sikio, hazifanyi kazi kwa namna ile ile. Ukimkalisha mtu chini ukampa muda, pengine atafika kwenye jibu lile lile unalofika wewe. Mtaani hakuna anayempa muda.

Ofisini kwao, kwenye kibaraza cha mafundi, alikuja dada mmoja kuchukua gauni la sare ya sherehe. Alilivaa, akajitazama kwenye kioo, akavuta kidogo begani. “Mh. Umejitahidi, fundi,” akasema. “Haya, sawa tu.” Mdogo wangu alisikia mambo mawili: amesifiwa, na kazi iko sawa. Akamtajia salio lake. Yule dada akalipa, akakunja gauni ndani ya mfuko, akaondoka na hakurudi tena, wala ndugu zake waliokuwa waje kushona pale hawakuja. Bosi alimuuliza kwa ukali, “Ina maana hukumwona dada wa watu alivyonuna?” Akajibu, “Alisema sawa, bosi.” Na ni kweli, alisema sawa. Kazi ya kwanza na ya pili zilikuwa zimeshapotea kwa mambo ya aina hiyo, na kote alikotoka waliacha maneno yale yale: fundi mzuri, lakini ana dharau na wateja.

Hapa ndipo ninapoumia zaidi. Sisi tunayachukua mapungufu haya kama tabia. Asiyeelewa dokezo tunamwita jeuri. Asiyeona kwamba umekasirika tunasema hajali. Anayechelewa kucheka utani tunasema anajisikia. Mtu anavuliwa heshima yake kidogo kidogo kwa makosa ambayo haoni anayafanya lini, na kwa kuwa hayaoni, hawezi hata kujitetea.

Kuna upande wa pili unaochanganya zaidi. Baadhi ya wagonjwa, hasa wakati ugonjwa umepamba moto, hawapungukiwi na kukisia nia za watu. Wanazidisha. Wanaona nia pale ambapo hakuna nia yoyote. Mtu huyo huyo anaweza kukosa dokezo ulilomwekea mbele yake, halafu akasoma ujumbe kwenye kitu kisicho na ujumbe.

Kwetu suala hili lina ugumu wake wa pekee kwa sababu ya khanga. Jirani yetu alianika khanga yenye maneno “Mtasema mchana usiku mtalala,” na mdogo wangu akiwa mgonjwa alikuwa na uhakika kwamba ameandikiwa yeye. Daktari ambaye hajakaa uswahilini angeandika mara moja: mgonjwa anaamini nguo za majirani zinamsema. Lakini sote tunajua kwamba watu wananunua khanga ili kumsema mtu, wanaianika makusudi mahali mhusika atapita, na mhusika anaipata. Wazo lenyewe si wazimu. Ugonjwa unaonekana kwenye namna ya kulipima wazo hilo: anachukua muda gani kuamua, anatafuta ushahidi gani mwingine, na je, yupo tayari kusikia kwamba jirani amenunua khanga kwa sababu rangi yake imempendeza?

Mwaka 1988 watafiti Huq, Garety na Hemsley walilionyesha hilo kwa shanga. Mtu anaonyeshwa vyombo viwili: kimoja kina shanga 85 za rangi moja na 15 za rangi nyingine, kingine ni kinyume chake. Kisha vinafichwa, anatolewa shanga moja moja, na aseme zinatoka chombo kipi atakapokuwa na uhakika. Wagonjwa wenye imani zisizo za kweli waliamua mapema kuliko wengine, baada ya kuona shanga chache sana. Mdogo wangu nilipomsimulia jaribio hilo alinyamaza, halafu akasema, “Kwa hiyo mimi ile khanga ilikuwa shanga moja.” Tangu siku hiyo hilo ndilo neno letu nyumbani. Akianza kushuku jambo, naweza kumuuliza una shanga ngapi, na yeye anaweza kuniuliza mimi, maana na mimi huwa naamua mambo kwa shanga mbili.

Kulaumu nako kuna njia zake. Mwanasaikolojia wa Uingereza, Richard Bentall, na wenzake walieleza kwamba baya likimpata mtu, sababu anaweza kuiweka mahali patatu: kwake mwenyewe, kwa mtu mwingine, au kwenye hali. Watu wenye imani za kuonewa na kuandamwa huelekea kuiweka kwa mtu mwingine. Daladala inakupita bila kusimama. Huenda hukunyoosha mkono vizuri. Huenda gari limejaa, au kuna trafiki mbele. Au dereva amekuona, amekutambua, na amekuacha kwa makusudi. Anayekwenda na hiyo ya mwisho kila siku, kwa daladala, kwa muuza genge aliyechelewesha chenji, kwa shemeji ambaye hakupokea simu, jioni anafika nyumbani akiwa amepigana vita na mji mzima. Kesho yake hatoki. Ndugu wanasema mvivu.

Kuhusu sura nitasema kidogo, kisha nigeuze meza. Ni kweli kwamba wagonjwa wengi hupata shida kutambua hisia usoni, zaidi zile za hofu, hasira na huzuni kuliko furaha, na uso usio na hisia yoyote unaweza kusomwa kama wenye hasira. Tafiti zinazofuatilia mwendo wa macho zinaonyesha kwamba wengi hawatazami sana macho na mdomo wa mtu, sehemu zinazobeba habari nyingi. Mama yetu akiwa amechoka na joto hukunja uso. Mdogo wangu anaona amekasirikiwa.

Lakini na sisi hatumsomi yeye. Mwaka 1993 Ann Kring na wenzake huko Marekani waliwaonyesha wagonjwa na watu wasio wagonjwa vipande vya filamu vya kuchekesha, vya kuhuzunisha na vya kutisha. Nyuso za wagonjwa zilionyesha hisia kidogo kuliko za wengine. Walipoulizwa walichohisi ndani, walieleza hisia kama za watu wengine. Ongeza na dawa: baadhi ya zile za zamani, kama haloperidoli, zinaweza kukaza misuli na kuufanya uso uwe mzito. Bibi yetu alipofariki, mdogo wangu alikaa kwenye mkeka wa msibani uso mkavu, na shangazi akasema mbele ya watu kwamba mtoto huyu hana uchungu. Alikuwa hajaweka kitu mdomoni tangu alipopata taarifa. Usiku aliniambia, “Nilikuwa naumia, dada. Usoni tu ndiyo hakikutoka kitu.” Wote pale msibani tulikuwa na akili timamu, hatuna utambuzi uliopungua, na hakuna aliyemsoma.

Watu huniuliza kwa nini dawa zisitibu na hili. Tangu Jean Delay na Pierre Deniker walipoanza kutumia klopromazini kwa wagonjwa wa akili jijini Paris mwaka 1952, dawa za ugonjwa huu zimefanya kazi kubwa kwa kuzuia dopamini, kemikali inayopitisha ujumbe kwenye ubongo, na ndizo zilizomrudisha mdogo wangu nyumbani. Naziheshimu, na yeyote anayesoma hapa asithubutu kumwachisha mgonjwa wake dawa kwa sababu ya makala hii. Ila zinashusha sauti na hofu. Hazimfundishi mtu kusoma “umejitahidi.” Dawa ya kupuliza puani ya oksitosini, ambayo ni homoni, ilijaribiwa kwa matumaini makubwa, lakini majibu ya tafiti zake hayakubaliani.

Kilichoonyesha mwelekeo mzuri zaidi ni mafunzo. David Penn, David Roberts na Dennis Combs walitengeneza huko Marekani mpango wa vikundi ambapo wagonjwa hukutana kwa miezi kadhaa. Wanaanza kwa kutambua hisia. Kisha wanatazama video za watu wakizungumza, wanatenganisha kilichoonekana na kilichokisiwa, na wanafanya mazoezi ya kwenda kumuuliza mtu badala ya kuamua peke yao. Kwa jumla, mafunzo ya namna hii husaidia zaidi kwenye kutambua sura, husaidia kiasi kwenye kukisia mawazo ya mwenzako, na hupata tabu kwenye mazoea ya kulaumu. Hapa kwetu, utafiti uitwao KUPAA, yaani Kuwezeshana Kupata Uzima, uliofanyika Dar es Salaam na Mbeya, ulikalisha wagonjwa na ndugu zao pamoja kwenye vikao. Naamini kabisa kwamba hiyo ndiyo njia ya kwetu, kwa sababu mgonjwa wa Tanzania haishi peke yake kwenye chumba cha kupanga akitembelewa na mtaalamu. Anaishi na mama, dada, baba mdogo na watoto wa kaka. Ningependa siku moja nione mafunzo ambayo kwenye video yupo konda anayechezesha sarafu, mama ntilie anayesema “leo umeadimika,” na mwenye nyumba anayekuja “kuwasalimia tu” tarehe mosi.

Nyumbani tulianza na maneno. Tulikubaliana kwamba mtu akitaka kitu kwa mdogo wangu anakisema chenyewe. Mama alipata shida sana. “Nimwambie mtoto ‘nenda kachote maji’ kama namtuma mtumwa?” aliuliza. Kwake dokezo ndiyo adabu, na kumwamuru kijana mkubwa mbele ya watu ni kumshushia heshima. Sasa anasema, “Mwanangu, naomba ukachote maji ndoo mbili kabla ya saa kumi,” na tumegundua kwamba adabu yote aliyokuwa akiihofia bado imo. Jambo la pili lilikuwa kutaja hisia kwa mdomo. “Nimekasirika, lakini si kwa ajili yako, ni foleni ya Mandela.” Sentensi fupi kama hiyo inamwokoa jioni nzima ya kujiuliza amekosa nini. La tatu aliliomba mwenyewe: tukitoka mahali, nimwambie kama kuna kitu kilimpita. Tunafanya hivyo tukiwa njiani kurudi, wawili tu, na siongezi jambo ambalo hajaniuliza.

Sitaki mtu adhani kwamba tunamlea kama mtoto. Kukisoma kile ambacho mtu hajakisema ni kazi, na kwenye nyumba yetu kazi hiyo ilikuwa imeachiwa mtu mmoja ambaye kwake ni nzito kuliko kwa wengine wote. Tumeigawa upya.

Bosi wake wa sasa ni mtu wa maneno machache na nina deni kwake. Baada ya lile gauni hakumfukuza. Alimwambia kila mteja akivaa nguo, amuulize mambo matatu: inabana wapi, inapwaya wapi, ungependa nibadilishe nini. Ayaulize yote hata kama mteja anatabasamu. Wateja wengine mwanzoni waliona kijana huyu anahoji kama karani wa sensa. Kisha wakaanza kuzoea, na baadhi yao wanamtaka yeye, kwa sababu ni nadra kumpata fundi anayekuuliza kabla hujalalamika. Utafiti wa kazi kwa wagonjwa wa akili, hasa mfumo wa Robert Drake na Deborah Becker wa Marekani, unaelekea huko huko: mpe mtu kazi halisi haraka, kisha umsaidie akiwa ndani yake, badala ya kumweka darasani miaka mpaka awe tayari.

Bei bado anapanga bosi. Kwenye kupatana bei mteja anasema “punguza bwana” huku anacheka, anajifanya anaondoka, anageuka, anasema fundi wa jirani anashona kwa nusu. Mdogo wangu anashindwa kujua lipi ni la kweli na lipi ni la sokoni, ama anashusha bei mpaka hasara, ama anamwacha mteja aende. Tumejaribu kuandika bei kwenye karatasi na kuibandika ukutani. Wateja wanacheka na kuanza kupatana juu ya karatasi. Anataka siku moja awe na ofisi yake, kwa hiyo hili lazima tulipatie njia, na kwa sasa tunafanya mazoezi Jumapili jioni: mimi mteja, yeye fundi, mama anatazama na kusema nani amedanganywa. Wiki iliyopita alinikatalia kushusha elfu tatu na nikalipa.